Benchi la Nje Kibiti: Jua Linakula Rangi, Maji Yanakula Miguu

Anayenunua benchi la bustani huuliza maswali mawili kwa pamoja: litadumu miaka mingapi, na rangi yake itabaki hivi hivi? Muuzaji naye huyajibu kwa pamoja, utadhani ni swali moja. Katika Wilaya ya Kibiti, ambako barabara ya kwenda Kilwa inapita kwenye mikorosho na minazi kabla ya kushuka bonde la Rufiji, benchi linaweza kupoteza rangi yote ndani ya mwaka na bado likakaliwa na wajukuu wa aliyelinunua. Jingine linaweza kung'aa mpaka siku linapoanguka, kwa kuwa miguu yake ililiwa zamani na hakuna aliyeinama kuitazama. Rangi inauliwa na jua. Benchi linauliwa na maji, pamoja na wadudu na fangasi wanaofuata maji. Fedha nyingi za mabenchi hupotea kwa sababu tunanunua dawa ya adui wa kwanza tukitumaini itamzuia na wa pili.

Tuanze na jua, maana ndilo linalosingiziwa mengi. Kibiti ipo karibu nyuzi 7.7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: mara moja Februari inapoishia na Machi inapoanza, mara ya pili katikati ya Oktoba. Hata mwezi Juni, jua linapokuwa limesogea kaskazini kuliko wakati wote, saa sita mchana bado hupanda hadi nyuzi 59 hivi juu ya upeo wa macho. London, mwezi huo huo wa Juni, katikati ya kiangazi chao, jua hufika nyuzi 62. Kwa maneno mengine, mchana wa jua dogo kabisa Kibiti unakaribiana na mchana wa jua kubwa kabisa London. Ndiyo maana idadi ya miaka iliyoandikwa kwenye kopo la vanishi iliyotengenezwa Ulaya ina maana ndogo sana ikishafika Bungu au Nyamisati.

Mionzi inayofanya kazi hiyo ni ya urujuanimno. Ndani ya mbao kuna lignini, kitu kinachoshikanisha nyuzi za mti, ambacho kwa miti mingi ni kama robo ya uzito wote. Lignini huinyonya mionzi hiyo, ikavunjika vipande vidogo vinavyoyeyuka kwenye maji. Masika yakija, mvua inavisomba. Kinachobaki juu ni nyuzi nyeupe nyeupe, na juu yake hukaa ukungu wenye vijimbegu vyeusi. Weupe ule na weusi ule vikichanganyika, ndipo tunaona rangi ya kijivu iliyomo kwenye kila mlango wa zamani na kila ubavu wa mtumbwi uliopumzishwa ufukweni.

Lakini mionzi hiyo haizami mbali. Haivuki hata sehemu ya kumi ya milimita. Kijivu ni ngozi tu. Watafiti wa nchi za baridi wamekuta kwamba mbao laini iliyoachwa wazi hulika usoni kwa takriban milimita 6 katika karne nzima. Tuseme jua na mvua za huku vinafanya kazi mara tatu ya hapo, tunapata milimita 18 kwa miaka 100. Hakuna mwenye benchi ambaye suala hilo linamhusu. Randa mguu wa benchi la mninga lililokaa nje miaka 10 na chini ya ule ukijivu utakuta wekundu wake umelala palepale. Kwa hiyo anayesema benchi lake "limeisha" kwa sababu limepauka, analizungumzia benchi ambalo halijaanza hata kuchoka.

Hapa ndipo vanishi inapoingia, na mimi siipendi kwa kazi ya nje. Vanishi isiyo na rangi hupitisha mwanga, na ndiyo sifa inayouzwa nayo: inaonyesha uzuri wa mbao. Mwanga ukipita, unaivunja lignini iliyo chini yake. Tabaka la vanishi likakosa kitu cha kushikilia, likaanza kuvimba, likapasuka, likabanduka kama gamba la kitunguu. Chini ya jua letu huo ni mwaka mmoja, pengine miwili. Ubaya si kubanduka; ubaya ni nyufa. Maji ya mvua huingia kwa ufa mmoja yakasambaa chini ya tabaka ambalo bado ni zima, na jua haliwezi kuyakausha. Benchi lililopakwa vanishi na kuachwa bila kurudiwa huoza kabla ya lile ambalo halikupakwa kitu. Anayeitaka vanishi akubali kuikwangua yote kwa msasa na kuirudia kila mwaka, miaka yote ya benchi. Wengi hukubali siku ya kununua tu.

Rangi ya mafuta ni habari nyingine, kwa sababu chembe zake zinazuia mwanga usifike kwenye mbao. Humo nako chembe hazifanani. Nyekundu ya udongo, kahawia na ile njano iliyofifia hutokana na oksaidi za chuma, yaani kutu iliyosagwa, na kutu haina tena cha kupoteza. Nyeusi ya masizi haipauki. Bluu na kijani za kisasa nyingi ni imara. Zinazochoka haraka ni nyekundu kali na njano kali za bei nafuu, ambazo kemia yake huvunjwa na jua. Ushahidi upo kwenye vijiwe vya mashabiki wa mpira. Benchi la Simba lililopakwa nyekundu ya bei poa huwa waridi kabla msimu haujaisha. La Yanga huanza kwa kupoteza njano, kisha kile kijani kilichochanganywa kwa bluu na njano kinaelemea kwenye bluu, mpaka mgeni akauliza hawa ni wa timu gani. Kuhusu nyeupe, unga wake wa titani ukiwa wa daraja la chini husaidia mwanga kuila gundi inayoushika, na matokeo yake ni chokaa inayobaki kwenye suruali ya aliyekaa.

Basi kama rangi ni ya lazima, chagua zile za oksaidi na upake rangi inayoziba, kuliko kuhangaika na vitu vinavyong'aa. Ila rangi nzito na nyeusi huja na gharama yake: mchana wa Februari benchi halikaliki.

Sasa mbao zenyewe. Fundi wa Kibiti akitaja mbao za nje atataja mninga na mkongo, na akibahatika mvule. Ana haki. Mninga huvimba na kusinyaa kidogo sana ukilinganisha na miti mingine, ndiyo maana viungo vyake havilegei mvua na jua vikipokezana. Mkongo ni mzito na mgumu zaidi. Mvule mafuta yake ya asili huwakimbiza wadudu, ingawa pia hufanya rangi ichelewe kukauka. Viini vya miti hii mitatu huwekwa kwenye madaraja ya juu ya uimara katika vipimo vya Ulaya.

Neno linalobeba uzito hapo ni kiini. Mninga wenye sifa hizo ni ile sehemu ya kahawia nyekundu katikati ya gogo. Weupe unaouzunguka, wenye rangi ya manjano mpauko, hauna kinga yoyote; bungua wanauanza ukiwa bado karakana. Zamani gogo kubwa lilitoa mbao za kiini kitupu na weupe ukatupwa. Leo magogo ni membamba, na sababu yake inajulikana. Timu ya watafiti iliyochapisha kazi yake mwaka 2010 ilionyesha kwamba kati ya 1991 na 2005 uvunaji wa misitu ulisambaa kutoka Dar es Salaam kwa mawimbi, mengine yakisonga hadi kilomita 9 kwa mwaka: mbao za thamani kwanza, kisha za daraja la kati, mwishoni mkaa. Kibiti ipo kwenye njia ya kusini kutoka jijini humo. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 pale Ndundu, misitu ya ng'ambo ya Rufiji nayo ikafikika mwaka mzima, na ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ikaeleza jinsi mbao za kusini zilivyotoka kwa wingi kuliko kumbukumbu za serikali zilivyoonyesha. Kilichobaki kwa fundi wa leo ni miti midogo, na mti mdogo ni weupe mwingi.

Hivyo mtu akikwambia "hili ni la mninga", amekwambia jina la mti, hajakwambia umri wa benchi. Na hapa rangi inapata kazi yake ya kweli. Kabla mbao haijapakwa kitu, rangi yake ni hati: nyekundu ni kiini, manjano ni weupe. Fundi mjanja anajua hilo, ndiyo maana vanishi yenye wekundu hupakwa benchi lote kuanzia juu hadi chini, na mistari ya weupe ikapotea. Nunua benchi kabla halijapakwa. Kama tayari limepakwa, lipindue: chini ya kikalio brashi mara nyingi haikufika.

Mtiki unastahili maneno yake, kwa sababu ndio mti ambao dunia nzima inautambua kwa mabenchi ya bustani. Sifa hiyo ilikuzwa sana Uingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, pale kampuni za kuvunja meli za kivita zilipotengeneza samani za bustani kwa mitiki ya sitaha na kuziuza kwa hoja kwamba hazihitaji rangi, ziachwe zigeuke kijivu. Waingereza waliukubali ukijivu na kuulipia. Mtiki uliingia kwetu kabla ya hapo: mwaka 1898 Wajerumani walipanda mbegu kutoka India huko Dar es Salaam na Mohoro, Rufiji, si mbali na tunapopazungumzia. Leo mashamba makubwa yapo Longuza, Mtibwa na bonde la Kilombero. Ila mtiki uliovunwa ungali kijana si mtiki wa sitaha ya meli. Kiini chake ni kidogo na mafuta yake hayajakomaa. Usilipe bei ya jina.

Mbao za bei rahisi ni za msindano kutoka Sao Hill, Mufindi. Zenyewe huoza haraka, lakini kuna zilizotiwa dawa ya shaba kwa mashine, zile zenye ukijani kama nguzo za umeme. Zinafaa kwa benchi, kwa sharti moja ambalo mafundi hulisahau: dawa haifiki katikati ya ubao. Ukikata mguu, umefungua sehemu isiyo na dawa. Upande uliokatwa uelekee juu, kwenye kikalio, na upande wa kiwandani ndio ukanyage chini. Vumbi lake usilivute na vipande vyake usipikie. Mnazi nao haufai kusimikwa ardhini, kwa kuwa hauna kiini kabisa. Sehemu yake ngumu ni ile ya nje tu. Lakini mbao za ganda la nje la mnazi mzee, zikiwekwa juu ya miguu ya kitu kingine na chini ya paa, hutoa kikalio kizuri chenye madoa madoa.

Na mikoko? Delta ya Rufiji ina karibu hekta 53,000 za mikoko, eneo kubwa kuliko lolote la aina hiyo Afrika Mashariki, na imekuwa hifadhi tangu mwaka 1898. Kuvuna kunahitaji kibali, na ni vyema iwe hivyo. Hata pasingekuwa na sheria, mkoko si mti wa benchi la kurandwa. Ni mzito, unapasuka ukikauka, na nguvu zake zipo kwenye boriti ya duara ambayo haijapasuliwa. Boriti hizo zilibeba sakafu za Zanzibar na kuvuka hadi Ghuba. Zilikuwa ndani, chini ya paa. Zikisimikwa kwenye matope hudumu chini kabisa, ambako hakuna hewa, na hukatika pale maji yanapopanda na kushuka.

Kukatika huko mahali pamoja kunaeleza uozo wote. Fangasi wanaoozesha mbao hawawezi kufanya kazi kwenye ubao wenye unyevu chini ya asilimia 20, wala kwenye ubao uliozama kabisa bila hewa. Wanataka katikati: maji kidogo, hewa kidogo. Mbao iliyokauka vizuri katika hewa ya pwani hukaa na unyevu wa asilimia 14 hadi 16, chini ya mpaka huo. Hata mvua ikinyesha juu ya kikalio, kikikauka jioni hakuna kilichoharibika. Hatari ni mahali maji yanapokaa: kichwa cha mguu kinachogusa udongo, kiungo kilichobana maji, nafasi kati ya mbao mbili zilizoshikamana bila kupumua. Mbao hunywa maji kwa vichwa vyake mara nyingi zaidi kuliko kwa ubavu, na mguu wa benchi unakanyaga kwa kichwa. Tumeweka mdomo wa mti kwenye matope, halafu tunapaka rangi mgongo wake.

Mafundi wa majahazi wa pwani waliyatenga mambo haya mawili, jua na maji, tangu zamani. Juu ya mstari wa maji walipaka sifa, mafuta ya ini la papa, kuzuia jua lisipasue mbao. Chini walipaka deheni, chokaa iliyokandwa na shahamu, kuzuia wadudu wa bahari wanaotoboa mbao. Kazi mbili, dawa mbili, kila moja mahali pake, na zote mbili zilirudiwa chombo kilipopandishwa pwani.

Kwa benchi la Kibiti, dawa ya chini si ya kupaka. Ni jiwe, au tofali la zege, au kipande cha bomba kinachouinua mguu sentimita chache kutoka ardhini. Mchwa wa ardhini hawawezi kuruka hewa. Watajenga njia ya udongo juu ya tofali, nawe utaiona na kuibomoa. Mguu uliozikwa, wao huingia kwa ndani na habari huipati mpaka kikalio kitikisike. Watu hupaka oili chafu ya magari miguuni. Inazuia kwa muda, lakini inachafua nguo, inanuka, na ina vitu ambavyo mtoto anayetambaa hapaswi kuvigusa. Mafuta ya ganda la korosho ni dawa nzuri zaidi dhidi ya mchwa, na korosho Kibiti hazikosekani, ila mafuta hayo huunguza ngozi na hayafai hata kidogo pale watu wanapokalia.

Viungo vinafuata. Gundi nyeupe ya seremala hulainika ikilowa. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipozikumba Rufiji na Kibiti, maji yalikaa wiki nyingi katika maeneo ya bondeni, na kiungo kinachotegemea gundi hiyo hakivumilii loweko la namna hiyo. Kiungo cha ulimi na tundu kilichopigiliwa kigingi cha mbao ngumu hukauka na kurudi. Msumari wa kawaida una shida mbili: hewa ya chumvi inautia kutu, na kutu ikikutana na tanini ya mbao huzaa weusi ule ule uliotumika karne nyingi kutengenezea wino. Ndiyo michirizi myeusi inayoshuka kutoka kila kichwa cha msumari, ambayo mwenye benchi huidhani ni uozo. Si uozo, na tunda la mbirimbi, lenye asidi ile ile inayouzwa madukani kwa kung'arisha mbao, likisuguliwa hupunguza doa hilo sana. Lakini tumia skrubu zilizopakwa zinki kwa moto, au za shaba nyeupe zisizoshika kutu ukiweza.

Vivuli vya miti navyo vina hesabu yake. Mwembe au mkorosho hupunguza jua kwa kiasi ambacho hakuna kopo la rangi linaloweza, na hata walio kivulini hawaulizi rangi. Kwa upande mwingine, chini ya mti mbao huchelewa kukauka, majani hujazana kwenye nafasi za kikalio, na msimu wa mabibo benchi hupata madoa ambayo hakuna sabuni inayoyatoa. Ningeweka benchi pembezoni mwa kivuli, pale jua la asubuhi linapofika na la saa nane halifiki.

Waliochoka na mbao hukimbilia zege, na wana historia upande wao: baraza ya nje ya nyumba za pwani ni benchi la mawe na chokaa, na mwenye nyumba hulipaka chokaa upya bila kulalamika. Benchi la zege lililochanganywa oksaidi ya chuma tangu kwenye sepetu halipauki. Linachohitaji ni mchanga wa mto. Mchanga wa ufukweni una chumvi, chumvi hula nondo, nondo iliyoota kutu huvimba na kuipasua zege kutoka ndani. Vyuma vya kuchomelea navyo hufia kwenye maungio, pale moto ulipounguza zinki. Plastiki nyeupe huwa ngumu, ikavunjika ghafla na mtu mzima akaenda chini. Kama ni lazima iwe plastiki, angalia matangi ya maji juu ya nyumba zetu yalivyo meusi. Masizi yaliyomo ndani, asilimia 2 au 3 tu, ndiyo yanayozuia jua.

Shule, zahanati na nyumba za wageni zinapoagiza mabenchi, karatasi ya maelezo huandikwa "mbao ngumu, vanishi mara tatu". Ningeifuta vanishi na kuandika mambo manne: kiini kitupu, miguu juu ya tofali, skrubu za zinki, nafasi ya kidole kati ya mbao na mbao. Fedha iliyookolewa kwenye vanishi inatosha kununua miguu miwili ya akiba ya mbao ile ile, iwekwe stoo, kwa sababu mguu ndio utakaoondoka kwanza, na benchi lililounganishwa kwa vigingi na skrubu hubadilishwa mguu katika asubuhi moja.